Unga Unapopumzika: Miezi Saba na Milinganyo Mitatu

Daftari hilo bado ninalo. Jalada lake limechakaa na ukurasa wa 31 una alama ya kikombe cha chai. Juu ya alama hiyo niliandika kwa wino mwekundu: jibu ni sahihi, lakini halitoshi. Ilinichukua karibu miezi saba, katika chumba nilichopanga Kondele, Kisumu, kuelewa maneno hayo niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya hisabati tumizi katika chuo kimoja huku magharibi mwa Kenya. Mada niliyopewa ilienea kwenye mstari mmoja: tafuta suluhisho changanuzi la nyenzo viskoelastiki zikiwa katika mtelezo sahili. Suluhisho changanuzi ni lile linaloandikwa kwa fomula kamili, ukalitia wakati wowote unaotaka na likakupa jibu, bila kompyuta kuhesabu hatua baada ya hatua. Mimi nililizoea kwa jina la suluhisho la kalamu, na humu nitaliita hivyo. Nyenzo viskoelastiki ni kitu chenye tabia mbili kwa pamoja, kinachotiririka kama asali na kurudi kama mpira. Ama mtelezo sahili, chukua pakiti ya karata uiweke mezani, kisha usukume karata ya juu kwa kiganja. Ya chini haiendi popote, ya juu inakwenda mbali kuliko zote, na zilizo katikati zinagawana safari sawasawa. Weka uji mzito kati ya vibao viwili bapa vilivyoachana kwa umbali h, uvute kibao cha juu kwa mwendo V, na kila tabaka la uji litateleza juu ya jirani yake kwa kasi ileile, k = V/h. Hakuna mtiririko mwepesi kuliko huo kwenye karatasi, na ndiyo maana niliwaambia watu wa nyumbani kwamba ningemaliza kabla ya Krismasi.

Wazo la msingi liliandikwa na James Clerk Maxwell mwaka 1867, katika kazi yake kuhusu gesi. Alisema kwamba mkazo ndani ya kitu huzaliwa pale umbo linapogeuzwa, kisha hufifia wenyewe kwa kasi inayolingana na ukubwa wake. Ukiwa mkubwa hufifia upesi, ukiwa mdogo hufifia polepole. Kwa alama zetu za leo:

τ + λ dτ/dt = ηk

Hapa τ ni mkazo wa mtelezo, dτ/dt ni kasi ya mkazo huo kubadilika, η ni mnato, yaani ukinzani wa kitu dhidi ya kutiririka, na λ ni kipimo cha muda ambao kitu kinahitaji ili kisahau kilichotendewa. Nilianza kuiita λ muda wa kupumzika, na jina hilo lilikuwa na maana kwangu tangu Jumamosi moja nilipokwenda kumsaidia shangazi yangu.

Shangazi ana kibanda cha chapati si mbali na stendi ya matatu. Siku hiyo wateja walikuwa wengi. Nilikanda unga, nikakata madonge, na papo hapo nikashika kifimbo nikaanza kusukuma. Kila nikilitandaza donge liwe duara pana, duara linajikunja na kurudi dogo. Nikaongeza nguvu. Likarudi tena. Shangazi akanipokonya kifimbo.

"Wacha unga upumzike, baba. Umeukanda hadi umekaza misuli, na bado unaupiga."

Akafunika madonge kwa kitambaa chenye unyevu, akaendelea na yaliyopumzika tangu asubuhi. Baada ya nusu saa alinipa donge lilelile. Lilitandazika na kutulia pale nilipoliacha.

Nilirudi chumbani nikiwa na unga kwenye kucha, nikafungua daftari kabla hata ya kunawa. Kukanda kulikuwa kumeacha mkazo ndani ya donge, na nusu saa ilikuwa imetosha ufifie. Ukiacha kugeuza umbo, k inakuwa sifuri, na mlinganyo wa Maxwell unabaki τ + λ dτ/dt = 0. Jibu lake ni τ = τ₀ e^(−t/λ). Kila λ moja ikipita, mkazo unabaki asilimia 37 ya ulivyokuwa, na baada ya λ tatu umebaki asilimia 5. Nilikuwa nimeandika fomula hiyo mara nyingi tangu shahada ya kwanza, na katika mitihani nilipata alama zake zote. Siku hiyo ndipo nilipoiona ikifanya kazi chini ya kitambaa cha jikoni.

Sasa kuanza kuvuta. Kibao cha juu kimetulia, halafu kwenye sekunde sifuri unakivuta kwa kasi isiyobadilika. Mara ya kwanza niliandika τ = ηk, nikapiga mstari chini, nikampelekea daktari, mhadhiri aliyenisimamia. Alisoma kwa muda mfupi, akaniuliza: "Ndiyo kwanza umegusa kibao. Nyenzo imejuaje tayari kwamba inavutwa?"

Nilikuwa nimechukua jibu la mwisho wa safari na kusahau sharti la mwanzo, kwamba τ ni sifuri wakati t ni sifuri. Njia yenyewe si ngumu. Unazidisha pande zote mbili kwa e^(t/λ), upande wa kushoto unakuwa badiliko la kitu kimoja, unajumlisha kutoka sifuri hadi t, na unapata:

τ = ηk (1 − e^(−t/λ))

Daktari hakufurahia fomula kama nilivyofurahia mimi. Alinitaka niihoji kwenye ncha zake. Nikaanza na muda mfupi sana. Pale e^(−t/λ) ni karibu sawa na 1 − t/λ, kwa hiyo τ ni karibu (η/λ)kt. Lakini kt ndiyo kiasi cha mtelezo uliokwisha kufanyika, γ, na η/λ ndiyo G, ugumu wa kunyumbuka. Kumbe τ = Gγ, yaani mpira mtupu. Kisha muda mrefu sana, ambapo e inazimika na kubaki τ = ηk, yaani asali tupu. Kisha nikaipunguza λ hadi ikaribie sifuri, na nyenzo ikawa kama maji, haina kumbukumbu yoyote. Fomula moja ilikuwa imebeba hali zote tatu, na ningeziona tangu mwanzo kama ningeuliza. Tangu hapo sijawahi kufunga ukurasa bila kuuliza maswali hayo, hata ninapokuwa na haraka.

Aliniagiza pia niweke namba, kwa sababu alama hazina uzito mkononi. Nikachagua nyenzo ya kubuni: G pascal 50, λ sekunde 4, hivyo η ni pascal-sekunde 200. Kasi k nikaiweka 0.5 kwa sekunde. Mkazo wa mwisho ni pascal 100. Baada ya sekunde 4 umefika 63, baada ya 8 umefika 86, na baada ya 12 umefika 95. Unapanda haraka mwanzoni, kisha unajikokota.

Swali lake la pili lilinikosesha usingizi siku kadhaa. "Umesema karata zote zinagawana safari sawasawa. Unajuaje ya katikati imeanza kusogea wakati uleule kama ya juu?" Kwa kweli haianzi wakati uleule. Habari ya kuvutwa inasafiri kutoka kibao cha juu kwenda chini kama wimbi, na katika nyenzo ya Maxwell mwendo wa wimbi hilo ni kipeuo cha pili cha G iliyogawanywa kwa densiti. Nikaweka densiti ya maji, kilo 1000 kwa mita ya ujazo. G ni 50, basi mwendo ni mita 0.22 kwa sekunde. Ikiwa vibao vimeachana milimita 1, wimbi linafika chini kwa milisekunde 4.5 hivi. Ukilinganisha na λ ya sekunde 4, hiyo ni kufumba jicho. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema mtelezo ni sahili, ila sasa nilijua haki hiyo imetoka wapi, na kwamba vibao vilivyoachana nusu mita visingenipa. Aya hiyo moja ya daftari ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mahesabu yake ni ya mistari miwili.

Ukurasa wa 31 uliishia hapo. Nilikuwa na fomula, nilikuwa na ncha zake, nilikuwa na namba. Kilichonisumbua ni yai.

Shangazi huoka keki akipata oda ya harusi, na nilikuwa nimemwona akipiga ute wa mayai. Ute haukai chini ukizungushwa. Unapanda kwenye mwiko. Nikataka kuuona vizuri. Jirani yangu ni fundi wa mbao, akaniazima drili yake, nikafunga kijiti cha mbao safi kilicholainishwa, nikatumbukiza kwanza kwenye bakuli la maji. Maji yalifanya shimo kuzunguka kijiti, kama kila mtu anavyotarajia, yakikimbilia ukingoni. Kisha nikatumbukiza kwenye ute wa mayai kumi na kuzungusha polepole. Ute ulikusanyika kwenye kijiti na kuanza kukipanda. Fundi aliacha randa yake akaja kutazama, akaniambia nirudie.

Jambo hilo linaitwa kwa jina la Karl Weissenberg, aliyelieleza mwaka 1947. Ndani ya ute mna molekuli ndefu. Zikizungushwa zinavutika kufuata duara la mtiririko, na kila duara linakuwa kama mshipi unaokazwa kiunoni. Mishipi ikikaza, ute unabanwa kuelekea katikati, na kwa kuwa kijiti kipo hapo, njia iliyobaki ni juu. Kwa hiyo mbali na mkazo wa mtelezo kuna mkazo mwingine, mvuto unaofuata mkondo wenyewe. Nauita N.

Nikarudi ukurasa wa 31 kutafuta N. Haikuwepo. Mlinganyo wangu ulitoa τ isiyo na kasoro, na N ya sifuri daima. Kwa mujibu wa hesabu yangu, ute wa yai usingepanda popote. Hapo ndipo nilipochukua kalamu nyekundu.

Kasoro ilikuwa kwenye dτ/dt. Kipande cha uji kinachobebwa na mtiririko hakisafiri tu. Kinageuka na kuvutika huku kinasafiri, na mkazo uliomo ndani yake unageuzwa na kuvutwa pamoja nacho. Mimi nilikuwa nahesabu badiliko la mkazo kana kwamba kipande kimesimama wima kama askari. Nikasoma kwamba Stanisław Zaremba, mwaka 1903, alipendekeza kuhesabu badiliko hilo ukiwa unazunguka pamoja na nyenzo, na Gustav Jaumann akalifuata wazo hilo mwaka 1911. Likanivutia. Nikalitumia, na ili nisichanganyikiwe nikaondoa kwanza kufifia, nikabaki na upande wa mpira peke yake. Nikapata N, nikashangilia peke yangu usiku. Asubuhi nikaangalia τ:

τ = G sin γ

Tazama fomula hiyo kwa makini. Unavuta kibao na mkazo unaongezeka hadi γ inapofika kama 1.57. Kisha unaanza kupungua ingawa unazidi kuvuta. Kwenye 3.14 ni sifuri. Ukiendelea unakuwa hasi, maana yake kibao kinajisukuma chenyewe kwenda mbele. Hakuna mpira wa namna hiyo duniani. Nilikagua hesabu wiki tatu. Nilihesabu upya kwa njia mbili, nikampa rafiki yangu anayefundisha shule ya upili huko Maseno akahesabu bila kuona yangu. Sote tulipata sin γ. Hesabu ilikuwa safi.

Niliumia wiki hizo, na sitaki kuzipitia juujuu. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba ukifuata hatua sahihi utafika mahali sahihi. Nilidhani nina upungufu fulani wa akili ambao wengine hawana. Nilipokwenda kwa daktari na karatasi hizo sikuwa na sauti. Yeye alizitazama, akachukua kalamu yangu, akachora mraba wenye mstari wima ndani yake. "Kijana, huu mstari ni wino ndani ya uji. Vuta kibao. Unafanya nini?"

Unainama. Kwanza unainama upesi, halafu kadiri unavyolala kufuata mkondo unapunguza kugeuka, na haupinduki kamwe upande wa pili. Mtelezo sahili ni nusu kuvutika na nusu kuzunguka, na kasi ya mzunguko huo ni k/2. Kanuni ya Zaremba inauzungusha mkazo kwa k/2 daima, kama gurudumu la baiskeli, hata baada ya mistari ya nyenzo kulala na kutulia. Ndiyo maana mkazo ulipinduka na kurudi upande wa pili. Hesabu ilitii kwa uaminifu kanuni ambayo mimi ndiye niliyeichagua.

Dawa yake ilikuwa imeandikwa na James Oldroyd mwaka 1950. Yeye alitaka badiliko la mkazo lihesabiwe kwenye mistari iliyochorwa ndani ya nyenzo yenyewe, inayogeuka na pia kuvutika nayo. Katika mtelezo sahili mambo yanashuka hadi milinganyo mitatu. S ni mkazo unaoelekea kutoka kibao hadi kibao.

S + λ dS/dt = 0

τ + λ(dτ/dt − kS) = ηk

N + λ(dN/dt − 2kτ) = 0

Nilipoiandika kwa mpangilio huo niliona ni ngazi. Kila mlinganyo unamhitaji aliye juu yake tu. Wa kwanza hauna chanzo, S inaanza sifuri na inabaki sifuri. Iweke kwenye wa pili, kS inatoweka, na kilichobaki ni mlinganyo wa Maxwell uleule wa 1867, neno kwa neno. Nilikaa kimya mbele ya mstari huo. Ukurasa wa 31 ulikuwa sahihi kwa sababu S ni sifuri, na katika mtiririko huu mkazo wa mtelezo hauoni kosa nililofanya. Kosa lilikuwa limejificha nyuma ya jibu sahihi. Kama ningepima τ peke yake maisha yangu yote, nisingeligundua.

Mlinganyo wa tatu unalishwa na τ. Nilipobahatisha jibu la namna ya A e^(−t/λ) kwa kipande cha mwisho, A ilifutika, nikabaki na usemi kwamba sifuri ni sawa na kitu kisicho sifuri. Chanzo kinafifia kwa mwendo uleule ambao N yenyewe ingefifia ikiachwa, na hapo hubidi uzidishe kwa t. Nikazidisha:

N = 2ηλk² [1 − (1 + t/λ) e^(−t/λ)]

Nikaihoji kama nilivyofundishwa. Mwanzoni kabisa N inakuwa Gγ², na hicho ndicho mpira wa kawaida unachotoa ukitelezwa. John Henry Poynting alikuwa ameona jamaa wa jambo hilo mwaka 1909, alipogundua kwamba waya ukisokotwa unarefuka. Mwishoni N ni 2ηλk². Kwa nyenzo yangu ya kubuni hiyo ni pascal 400, mara nne ya mkazo wa mtelezo. Lakini tazama inavyochelewa: sekunde 4 ni 106 tu, sekunde 8 ni 238, sekunde 12 ni 320. Wakati τ imekwisha kufika asilimia 95 ya mwisho wake, N iko asilimia 80. Mvuto wa mkondo unasubiri mtelezo uzaliwe kwanza, ndipo na wenyewe ukue.

Kisha nikageuza upande, k iwe −k. τ inabadilisha alama, kama inavyopaswa. N ina k² ndani yake, haibadiliki. Nikatoka nikiwa na viatu vya ndani, nikamwomba fundi drili tena, nikabonyeza swichi ya kurudisha nyuma. Ute ulipanda kijiti vilevile. Sijui kama naweza kueleza furaha ya dakika ile. Alama ya kuongeza na kutoa kwenye daftari ilikuwa imesema kitu kuhusu bakuli, na bakuli limeitikia.

Kuhusu kompyuta nitasema kwa kifupi. Msimu huo stima ilikuwa inapotea mtaani mara kwa mara, na ndiyo sababu ya kwanza iliyonirudisha kwenye kalamu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika programu ndogo inayosonga kwa hatua za muda. Nilitaka iende saa nzima ya mtelezo kwa haraka, nikaipa hatua ya sekunde 10. Kwa nyenzo ileile iliniambia τ ni 250, halafu −125, halafu 437.5, na namba ziliendelea kukua. Fomula inasema τ haivuki 100. Kila hatua programu ilikuwa inazidisha kosa kwa 1 − 10/4, yaani −1.5, na kwa njia hiyo ya kuhesabu hatua yoyote inayozidi λ mbili lazima ilipuke. Bila suluhisho la kalamu ningeweza kuamini ule mchoro, kwa kuwa ulitoka kwenye kioo ukiwa na rangi nzuri. Nawasihi wadogo zangu mnaoanza: tafuteni kwanza hali moja ambayo jibu lake mnalijua kwa kalamu, muipe programu yenu, kisha ndiyo muipe ile msiyoijua.

Kitu cha mwisho kilichoingia kwenye tasnifu kilitoka kwa mrenda. Wajaluo wanauita apoth, Waluhya murere, na sote tunaula kwa ugali. Ukikoroga mrenda ulioiva kwa mwiko kisha ukaacha ghafla na kuinua, povu lililokuwa likizunguka linasimama, halafu linarudi nyuma kidogo. Nyumbani kwetu nimeliona tangu utotoni. Milinganyo ya Oldroyd inasema linarudi kiasi gani. Vuta hadi mtelezo utulie, kisha achia kibao ghafla. τ inaporomoka kutoka ηk hadi sifuri, na ili hilo liwezekane nyenzo lazima irudi nyuma kwa mtelezo wa ηk/G, ambao ni λk. Kwa hiyo ukijua ulizungusha kwa kasi gani na ukapima kilichorudi, unagawanya na kupata λ, muda wa kupumzika, bila mashine yoyote. Sufuria si vibao viwili, kasi ndani yake si moja kila mahali, na sikuandika kwamba nimepima mrenda. Niliandika kwamba nimeelewa unachofanya.

Mtahini mmoja alinibana kuhusu hayo, na alikuwa na haki. Mrenda halisi unakuwa mwepesi zaidi ukikorogwa kwa kasi, na modeli yangu ina mnato usiobadilika hata ukikoroga vipi. Tena inatoa S ya sifuri, ambayo katika nyenzo halisi si sifuri kamili. Nilikubali yote mawili. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kurasa za mwisho kabla hajauliza, na nadhani hilo ndilo lililonivusha siku ile.

Shangazi alikuja kwenye mahafali na kitenge kipya. Kwenye matatu tukirudi mjini akaniuliza swali ambalo hakuna mtahini aliyeniuliza. "Sasa mwanangu, baada ya hesabu zote hizo, unga wangu upumzike dakika ngapi?"

Nilimwambia ukweli. Unga hauna λ moja. Una nyingi, nyingine za sekunde na nyingine za dakika nyingi, kila moja ikififia kwa mwendo wake, na jumla yake ndiyo inayorudisha chapati nyuma. Milinganyo yangu ilikuwa na moja tu. Akaniuliza kama naweza kuziongeza. Naweza, zinajumlishwa, na kila moja ina ngazi yake ya mistari mitatu.

Jumamosi hizi naketi kibandani na daftari jipya. Yeye anabonyeza donge kwa kidole, mimi natazama saa ya simu na kuandika alama ya kidole imerudi kiasi gani baada ya sekunde 5, baada ya 30, baada ya dakika 10. Kufikia sasa ninaona wazi λ mbili. Ya tatu anasema ipo, anaisikia kwenye kidole, na ametaka nisubiri hadi unga wa jioni uive.